Sekunde Kumi za Filamu ya Miguu

Vijana mnaocheza dansi katika ukumbi wa Kaloleni, mmemtuma mjukuu wangu Shiko kwangu mara tatu, na mara zote nimemrudisha na jibu kwamba nimechoka. Si uongo. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na hata kusimulia kunachosha ukiwa umekaa na jambo moja kifuani zaidi ya miaka hamsini. Mnataka niwaandikie machache ya enzi za sinema, myatie kwenye kijitabu chenu. Haya, nimekubali. Ila msitarajie sifa. Mimi nilikuwa mwonyesha picha tu, na mwonyesha picha akifanya kazi yake vizuri hakuna anayejua kama yupo.

Aliyenifanya nishike kalamu ni Shiko mwenyewe, na hata hakujua. Mwezi uliopita aliingia nyumbani na simu mkononi, hajavua viatu, akanisalimu mimi babu yake.

"Guka, sasa? Cheki hii kitu nimepata."

Nikavaa miwani. Kwenye kioo kidogo cha simu nikamwona mhudumu wa hoteli, suti nyeusi, trei ya glasi mkononi, anacheza dansi katikati ya meza. Nilimjua kabla hajageuka. Ilikuwa filamu fupi ya Hollywood, ya dakika kumi hivi, niliyoionyesha ukumbini Kaloleni mpaka ikabaki mikwaruzo mitupu.

"Si huyu ndio yule msee wa trei ulikuwa unatuambia?"

"Ndiye."

"Sasa mbona haruki? Cheki, hapa si ndio tunarukanga?" Akasimama katikati ya sebule akaonyesha. Akatulia kidogo, kisha akaruka kwa miguu miwili pamoja, akatua pembeni kama mtu aliyevuka mtaro. Mruko huo alifundishwa na mama yake, na mama yake aliupata kwenye harusi za mtaani. Mnaujua nyote. Mnauchezea hapo hapo ukumbini.

Nilimwambia anirudishie pale. Akarudisha kwa kidole, hivi tu. Nikatazama. Kati ya pale tulipozoea kutulia na pale tulipozoea kutua, kulikuwa na dansi. Ilikuwa kama sekunde kumi, mhudumu anazunguka meza yote kwa visigino na vidole, na sijawahi kuiona maishani mwangu. Nilimwambia Shiko aniletee maji.

Niseme wazi sasa hivi msije mkahangaika. Sekunde hizo kumi nilizikata mimi. Na kuna mtu anaitwa Odhiambo, rafiki yangu, siku hizi anaishi kwa bintiye huko mtaa wa Fedha. Kwa ajili ya sekunde hizo alikosa kitu alichokitaka kuliko vyote, na aliponiuliza, nilimwambia hazipo.

Basi turudi nyuma.

Ukumbi mnaouona leo na mabati yake yanayovuja ulikuwa wakati ule ndio moyo wa mtaa. Wafanyakazi wa reli na wa baraza la mji, wake zao, watoto wao, mikutano, mazishi, ngumi, harusi, yote hapo. Jumamosi alasiri ilikuwa sinema. Sasa jiulizeni, sinema alasiri, jua liko juu, na ukumbi una madirisha pande zote mbili. Giza litatoka wapi? Giza lilitoka majumbani. Kila dirisha lilikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilileta blanketi lake. Ukileta blanketi, familia yako inakaa benchi za mbele. Usipoleta, mnasimama ukutani. Nyumba zilichunga dirisha lao kama shamba. Nimeona akina mama wawili hawasalimiani mwezi mzima kwa ajili ya dirisha la tatu upande wa kushoto.

Kulikuwa na mama mmoja blanketi lake lina tundu. Tumsitiri jina, wajukuu wake wapo. Jua likifika saa tisa lilipita kwenye lile tundu likatua moja kwa moja kwenye pazia la picha, kidoa kama sarafu, na kila mchezaji akipita hapo pua yake inawaka. Tulimwomba alishone. Akasema blanketi ni la mumewe, na mumewe hapendi vitu vyake viguswe. Basi kwa miaka miwili wacheza dansi wote wa Marekani walikuwa na pua ya moto pale Kaloleni, na hakuna aliyelalamika.

Kabla ya filamu kubwa tulikuwa tunaweka kifupi. Wengine walionyesha habari, wengine mafunzo ya kunawa mikono na kupanda mahindi. Lakini watu wa Kaloleni walipenda vile vifupi vya dansi kutoka Hollywood. Wanawake wenye manyoya wanateremka ngazi, wanaume wenye viatu vinavyolia ka-ka-ka juu ya sakafu inayong'aa kama kioo. Hakuna kisa. Hakuna anayekufa. Kiingereza chao kilikuwa cha puani na nusu ya ukumbi hawakukisikia, lakini miguu haitaki mkalimani. Tuliziita filamu za miguu. Mtu akirudi kazini mabega yameanguka, kitu cha kwanza anauliza, leo kuna miguu? Ukimwambia ipo, mabega yanapanda kidogo.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bwana Salim, mtu wa Pumwani, mfupi, msafi, mkali. Kofia yake ya kutariziwa hakuivua hata kwenye kijumba cha projekta ambako taa ilitufanya tutoke jasho kama tuko kwenye tanuri. Alikuwa hatazami picha. Alikaa amegeuza mgongo, ananywa kahawa, anasikiliza.

"Wewe unatazama nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Picha, Bwana Salim."

"Picha ni ya waliolipa. Wewe sikiliza mashine. Ikitaka kukata filamu itakwambia kwanza."

Na kweli ilisema. Filamu ikipita vizuri inanong'ona. Matundu ya pembeni yakianza kuchanika inatafuna, ta-ta-ta, na hapo una nafasi ya kupumua mara mbili tu uzime. Alinifundisha kuacha kitanzi juu ya lenzi na kitanzi chini, kwa sababu filamu iliyovutwa bila nafasi hukatika, hata ikiwa mpya. Alinifundisha kuirudisha kwenye gurudumu lake kwa mkono, kidole kikipapasa ukingo wake kwa kitambaa laini, kila penye jeraha kidole kijue. Na kuunga. Unakwangua ule utando kwa wembe, taratibu, unapaka gundi iliyonuka kama rangi ya kucha, unabana, unahesabu mpaka ishirini. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka kumi na mbili. Kijana ana haraka ya kwenda wapi, hata leo sijui.

Makosa niliyafanya tele. Jumamosi moja niliweka filamu bila kuirudisha kwanza, ikaanza na mwisho wake. Wacheza dansi wakatokea vichwa chini, wanacheza darini, wanapanda ngazi kinyumenyume, muziki unalia kama paka aliyekanyagwa. Nilitaka kukimbia. Ukumbi ukapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mablanketi. Wakapiga kelele, "Rudisha! Rudisha!"

Hilo ndilo lilikuwa neno lao. Kila dansi nzuri ikiisha, "Rudisha!" Na Bwana Salim hakurudisha hata siku moja. Kurudisha katikati ya onyesho ni kuvua gurudumu, kuchosha filamu, kuichana. Alikuwa anasema, "Waliokuwa wanatazama wameona." Anamwaga masalio ya kahawa, anaweka filamu kubwa.

Alikuwa na kanuni nyingine moja, na hii ishikeni. Filamu ikikatika, kile kipande unachokitoa hukitupi. Unakitia kwenye kopo la sigara lililo juu ya rafu, na kwenye kadi ya filamu ile unaandika, umekata kiasi gani, wapi, na kwa nini, halafu unatia jina lako. Nilimuuliza kwa nini jina. Akasema, "Ili anayekuja nyuma ajue kuna kitu hapa, hata kama hakioni."

Ile ya mhudumu na trei ilifika Alhamisi. Kazi yangu ilikuwa kuipitisha kwenye mashine kabla ya Jumamosi, taa ikiwa imezimwa, nisikilize kama ina majeraha. Haikuwa nayo. Ilikuwa inanong'ona vizuri. Bwana Salim alikuwa ameenda msikitini, niko peke yangu, na kutoka nje nikasikia sauti chini ya dirisha.

"Omera! Muturi! Kuna miguu?"

Alikuwa Odhiambo, akiniita ndugu kwa Kijaluo chake. Tulikuwa rika moja, nyumba zetu zinatazamana. Alikuwa anasafisha matumbo ya injini za treni, kazi ya kuingia kwenye masizi ukiwa mtu na kutoka ukiwa mkaa. Lakini huyo Odhiambo alikuwa na miguu. Mtu mwingine akisimama anasimama. Yeye akisimama unaona kwamba kuna kitu kiko karibu kuanza.

Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia ipo, mpya, mtu ana trei. Akataka kujua trei gani. Nikamweleza. Akataka kujua glasi zinaanguka au hazianguki. Nikamwambia sijui, sijatazama, nasikiliza tu. Tukacheka. Tukaongea mpira kidogo. Nilipogeuka, ule mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu la chini ulikuwa umeteleza, na filamu ilikuwa inamwagika sakafuni, lundo zima, kama tambi. Nikaruka kuzima. Nikatua juu yake na viatu vyangu.

Nilipoiinua, sehemu moja ilikuwa imekunjika na matundu yamechanika pande zote mbili. Niliipima kwa mikono, ikawa pima moja, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Ndizo sekunde kumi hizo. Ingewezekana kuokoa nusu yake kwa uvumilivu, kuunga hapa na hapa. Ningelazimika kuketi mpaka Bwana Salim arudi, na kuandika kwenye kadi kwamba nimekata pima moja ya filamu mpya kwa sababu nilikuwa dirishani nikiongea mpira. Na jina langu chini.

Nilikata yote. Nikaunga ncha kwa ncha, nikahesabu mpaka kumi na mbili. Kile kipande nilikitia mfukoni, nikaenda nacho nyumbani, mama yangu akiwa amewasha jiko la makaa, nikakichomea humo. Kilijikunja, kikanuka vibaya, mama akauliza ni nini. Nikamwambia ni takataka za kazini.

Jumamosi, filamu ilipofika pale, Bwana Salim aliinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake. Hakuwa ametazama. Alisikia.

"Hii imekatwa."

"Ilikuja hivyo," nikasema.

Akanitazama. Sikuwa nimewahi kumdanganya, ndiyo sababu akaniamini. Akaandika kwenye kadi: imefika ikiwa imekatwa. Akatia jina lake. Nawaambia ukweli, ningekuwa nimepigwa kofi ningelala vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni jambo la kiufundi, ndilo lililoleta balaa. Kwenye filamu zetu sauti haikai kando ya picha yake. Imetangulia mbele kidogo, kama sekunde moja. Kwa hiyo ukikata na kuunga, muziki unaruka kwanza, na picha inafuata baadaye. Pale Kaloleni basi, ngoma iligutuka, mhudumu akaendelea kidogo, halafu ghafla akawa upande wa pili wa meza. Sisi tulijua ni jeraha. Watu ukumbini walijua kwamba ndivyo dansi ilivyo. Wamarekani hawa wana mambo.

Na Odhiambo aliketi benchi la pili, akaitazama Jumamosi baada ya Jumamosi, midomo inahesabu. Mwezi wa pili alikuwa na trei ya bati na glasi nne za kuazima. Mwezi wa nne alikuwa ameijua yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na lile jeraha langu. Muziki ukigutuka yeye anatulia, trei juu, anangoja ile sekunde moja, halafu anaruka kwa miguu miwili, anatua ng'ambo, na glasi hazilii. Nilikuwa nimefanya kosa, na huyu mtu alikuwa amelichukua akalifanya kuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa kwenye filamu ile. Watoto wakaanza kuuiga. Tuliuita mruko wa Odhiambo. Nilipiga makofi kama wengine.

Kisha likatangazwa shindano la dansi, mitaa yote ya Eastlands, hapo hapo ukumbini. Mshindi angechukuliwa na jumba moja la dansi mjini, mshahara wa kila mwezi, kucheza na kufundisha. Odhiambo alimwambia baba yake, mbele yangu, "Nikishinda hii, masizi basi." Mzee wake, naye mtu wa reli, akasema, "Shinda kwanza." Lakini niliona alikwenda kumtafutia viatu.

Alifanya mazoezi na jirani yetu mpiga kodiani, ambaye naye aliujua wimbo kutoka kwenye filamu yetu. Mnaona kinachokuja? Mimi sikukiona. Nilikuwa nimejiambia mara nyingi kwamba sekunde kumi si kitu mpaka nikaamini.

Siku ya shindano ilikuja bendi kutoka mjini. Wimbo ule waliujua mzima, jinsi ulivyotungwa.

Odhiambo alicheza kama hana mifupa. Alifika pale, akangoja muziki ugutuke. Haukugutuka. Akaruka hata hivyo, kwa sababu miguu yake ilikuwa inajua pa kuruka, na kuanzia hapo yeye na bendi hawakuwa mahali pamoja tena. Akafika mwisho. Magoti yamekunjwa, mkono mmoja umefunguliwa, trei juu, tabasamu, kama mhudumu. Na bendi bado inapiga.

Mkitaka kujua urefu wa sekunde kumi, simameni hivyo mbele ya watu. Alisimama. Hakushusha mkono. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaanza kutafuta, na glasi zikaanza kulia juu ya trei, kidogo kidogo. Watu wa mitaa mingine wakaanza kucheka. Watu wetu wa Kaloleni, Mungu awabariki, waliwakasirikia wapiga muziki. "Bendi imezidisha! Bendi haijui wimbo!" Mama wa lile blanketi la tundu alisimama akawatukana kwa lugha tatu.

Mmoja wa waamuzi alikuwa mama mwalimu wa dansi. Alimwita Odhiambo pembeni, nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Una miguu mizuri, kijana. Lakini umeiruka sehemu ngumu. Ukishaijua ile, urudi."

Jioni ile Odhiambo alikuja mlangoni kwetu. Hakuingia.

"Muturi, wewe ndio unashikanga hiyo filamu. Kuna sehemu ingine?"

Mimi nilikuwa na nafasi. Nataka mlijue hilo. Hakuna aliyenishika koo. Ningesema ndiyo, ilikuwepo, nimeichoma. Angenipiga, labda, halafu angekwenda kwa yule mama akamweleza, akafundishwa. Nikafikiria Bwana Salim na jina lake kwenye kadi.

"Hakuna," nikasema. "Hiyo ndiyo yote."

Akatikisa kichwa. "Basi ni mimi siwezi," akasema, akaenda zake.

Hakucheza tena. Si harusini, si popote. Mtaa mzima uliruka mruko wake naye amekaa kwenye kiti anashika soda. Baadaye aliacha reli akapata kazi ya kubeba magunia katika kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo, akabeba mpaka akastaafu. Tulibaki marafiki. Nilimsimamia harusi. Alinisaidia kumzika mke wangu. Kila mwaka uliopita nilisema mwaka ujao nitamwambia, na kila mwaka jambo likawa zito zaidi kulibeba na gumu zaidi kulitua.

Yaliyobaki ya kazi yangu hayana maneno mengi. Bwana Salim alizeeka akaniachia kopo na kadi. Ikaja video, watu wakajifungia vibandani kutazama watu wakipigana mateke. Mablanketi yakarudi vitandani. Mashine yetu ilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nikaisindikiza hadi barabarani kama maiti. Siku hizi kila mtu ana ukumbi mfukoni. Sina ugomvi na hilo. Ila hamsikilizi. Vitu vyenu vinakatika bila kusema kwanza.

Shiko anasema mruko hamtauacha, eti ni wetu, Wamarekani hawana. Sawa. Mimi si wa kuamua.

Alinionyesha jinsi ya kuitafuta ile filamu kwenye simu yangu, nami Jumanne nikaenda Fedha.

Akinyi, binti wa Odhiambo, alinifungulia. "Karibu, Mzee. Yuko hapo ndani, leo ameamka vizuri." Rafiki yangu alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba, imewekwa juu ya stuli na kufunikwa leso. Tulisalimiana, tukalalamikia dawa, tukalalamikia mvua. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Yote yakaniponyoka. Nikatoa simu, nikamwekea mkononi.

Alitabasamu alipomwona mhudumu. "Huyu bado yuko hai?"

Alitazama simu akiwa ameisogeza mbali na macho, midomo inahesabu, ile ile. Ilipofika pale, leso ikaruka. Miguu yake miwili, imevimba hivyo, ilijaribu kuruka juu ya stuli. Mhudumu hakuruka. Akaendelea kuzunguka meza.

"Hawa wamekosea," Odhiambo akasema. "Hapo ni kuruka."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia mkanda ulivyoteleza, viatu vyangu, jiko la mama, Bwana Salim, kila kitu, ila sikumwambia nilikuwa naongea na nani pale dirishani. Lingekuwa kumgawia kosa langu. Mwisho nikamwambia, "Na uliponiuliza mlangoni, nilikudanganya."

Akinyi alileta chai, akaiweka, akatutazama, akatoka. Nilingoja anifukuze. Ningekwenda.

"Rudisha," akasema.

Niliinama, nikarudisha kwa kidole. Akatazama zile sekunde kumi. Kisigino, kidole, kisigino, kidole, zunguka, trei juu.

"Rudisha."

Nikarudisha. Sijui mara ngapi. Chai ikafanya utando. Chini ya leso niliona kidole gumba cha mguu wake kimeanza kugonga, taratibu, nyuma ya muziki, halafu pamoja nao. Alikuwa ameshaishika. Mzee mwenye miguu mibovu, kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai.

"Yule mama alisema ni ngumu," akasema, haniangalii mimi. "Miaka hii yote, Muturi, mimi nimekuwa nikidhani kuna kitu ngumu sana hapo. Kitu siwezi." Akanirudishia simu ili niishike mimi. "Hii ni rahisi. Hii ningeiweza."

Nilimtengenezea leso miguuni.

"Rudisha," akasema, na nikarudisha.